Picha mbili za taa nyekundu: kisa cha dereva aliyeipisha ambulensi

Kisa hiki ni cha familia moja ya Kitanzania inayoishi Midlands, Uingereza. Wameniruhusu nikiandike ili wengine wajifunze. Mji sitautaja, majina nimeyaficha, na baadhi ya vitu vidogo nimevibadilisha ili hata jirani yao asiwatambue. Dereva nitamwita Dada Z. Mimi si mwanasheria. Ni mtu ambaye wenzetu humletea barua za serikali zinapowashinda, na katika hili nilikosea mahali pawili, nitasema wapi.

Usuli

Dada Z aliingia Uingereza na leseni ya Tanzania na miaka kadhaa ya kuendesha Dar es Salaam. Leseni yetu inakubalika kule kwa miezi 12 tu tangu uwe mkaazi, na haibadilishwi juu kwa juu kama za baadhi ya nchi. Ukitaka kuendelea unaanza moja: mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Alifaulu kwa jaribio la pili.

Kazi yake ni ulezi wa majumbani. Asubuhi na jioni anazunguka nyumba za wazee kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwalaza. Mabasi ya mtaa wao ni ya kubahatisha ikishafika jioni. Bila gari, kazi haipo. Gari lenyewe ni dogo, la urefu wa mita nne hivi, na limeandikishwa kwa jina la mumewe.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo peke yake hayana uzito, lakini yakikutana yanaumiza. La kwanza, alikuwa na miezi 20 tu tangu afaulu mtihani. La pili, leseni yake ilikuwa tayari na pointi 3 za kuzidisha mwendo, yaani alama za adhabu zinazoandikwa kwenye leseni. Uingereza ina sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995: ukifikisha pointi 6 kwa makosa uliyoyatenda ndani ya miaka miwili tangu ufaulu, leseni inafutwa. Unarudi kwenye vibao vya L na mitihani yote miwili upya. Kupita taa nyekundu kwa kawaida ni faini ya pauni 100 na pointi 3. Tatu na tatu.

Jioni yenyewe

Ilikuwa Jumanne, mvua za manyunyu, giza limeshaingia. Dada Z alitoka kwa mteja wa mwisho saa 12:52 jioni. Programu ya kazi kwenye simu yake ilirekodi dakika ile. Akafika kwenye makutano makubwa, taa nyekundu, akasimama wa kwanza kwenye mstari, njia ya kushoto. Kulia kwake lori. Nyuma yake magari mawili.

King'ora kikaja. Magari mawili ya nyuma yakapanda ukingoni. Ambulensi ikajipenyeza mpaka nyuma yake kabisa, taa za bluu zikimjaa kwenye kioo. Lori halikuwa na pa kwenda. Dada Z naye hakuwa na pa kwenda isipokuwa mbele.

Akaachia breki, akavuka mstari polepole, akakata kushoto na kubana ukingo wa barabara ya pili. Akaona mwanga ukipiga nyuma yake, pa, kisha pa tena. Ambulensi ikapita. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kuvuka akamwinulia mkono wa ahsante.

Nilimuuliza baadaye ni nini hasa kilimtuma avuke. Akanijibu: "Kaka, mimi nimejifunza gari Ubungo." Nikamwelewa. Kwetu taa huwa nyekundu, trafiki yuko katikati anapunga mkono, na mkono wa trafiki unaishinda taa. Dereva wa Dar hulelewa akijua kuwa taa ni neno la kwanza tu, kuna mkubwa anayeweza kulitengua. Alipoziona zile taa za bluu, alihisi mkubwa amefika.

Uingereza haiko hivyo. Kanuni ya 219 ya Highway Code, kitabu chao cha kanuni za barabarani, inakutaka uipishe gari la dharura huku ukitii alama zote za barabarani. Ruhusa ya kupita nyekundu ni ya ambulensi, si ya wewe unayeipisha. Madereva wa magari yale wamefundishwa wasimsukume mtu kwenye taa. Ikiwa mbele hapapitiki, wengi huzima king'ora na kusubiri. Huyu wa jioni ile hakuzima.

Nyumbani hakusimulia. Alijua amefanya jambo jema, hakuona cha kusimulia.

Bahasha

Siku tisa baadaye ilifika bahasha, kwa jina la mume. Ndani mna mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Moja ni taarifa ya kusudio la mashtaka, ambayo polisi wanatakiwa kumfikishia mwenye gari aliyeandikishwa ndani ya siku 14. La pili ni amri ya kumtaja aliyekuwa anaendesha, nayo ina siku 28. Kutojibu amri hiyo ni kosa jingine kabisa, zito kuliko la taa: pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000.

Wakaitisha baraza la ukoo kwenye WhatsApp. Mjomba wao, anayeishi mji mwingine na aliyekaa Uingereza kuliko wote, akatoa hukumu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kiini chake: kamera zile hupiga kwa nyuma, sura haionekani, mumeo leseni yake nyeupe, haina pointi, aandike jina lake, alipe, yaishe. Mume akakubali. Alikwisha kushika kalamu.

Dada Z ndiye aliyesita, akanipigia.

Uamuzi wa kwanza: nani aliendesha

Mjomba alikuwa sahihi kuhusu kamera na amekosea kuhusu kila kitu kingine. Kweli kamera ya makutano yale ilitazama migongo ya magari, na sura haikuonekana. Lakini kujaza jina la asiyeendesha kwenye fomu ile si ujanja wa pointi, ni kosa la kupotosha haki, na watu hufungwa kwalo. Niliwasimulia kisa ambacho Uingereza nzima inakijua: Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, na Vicky Pryce, aliyekuwa mkewe. Kosa la mwendo la mwaka 2003, pointi akachukua mke. Miaka kumi baadaye, Machi 2013, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miezi minane. Ndoa yao ilipovunjika, siri nayo ikatoka.

Mume alicheka: "Kwani sisi tunaachana?" Nikamwambia aachane na ndoa, atazame simu ya mkewe. Programu ya kazi inasema Dada Z alitoka kwa mteja saa 12:52. Kamera inasema gari lilivuka saa 12:58, umbali wa dakika tano kutoka kwa mteja yule. Na yeye mume saa hiyo alikuwa zamu ghalani, ameingia kwa kadi. Kalamu ikawekwa chini.

Akamtaja mkewe. Mkewe akapokea fomu yake mwenyewe, akakiri kuwa ndiye aliyeendesha. Kukiri kuwa uliendesha si kukiri kosa. Watu huogopa hapo bure.

Mjomba alikuja na wazo la pili: tuvute muda, miaka miwili ipite. Halisaidii. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kosa, si tarehe ya pointi.

Uamuzi wa pili: kuziomba picha

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Watu hudhani kamera ya taa nyekundu inapiga picha moja ya gari lililo mahali pasipofaa. Ingekuwa hivyo, kila aliyesimama gurudumu moja mbele ya mstari angeletewa bahasha. Kamera za aina hii, ambazo kampuni ya Kiholanzi Gatsometer ilizianza mwaka 1965, zina nyaya zilizofukiwa ndani ya lami karibu na mstari wa kusimama. Nyaya hizo zimeunganishwa na taa. Taa ikiwa kijani au njano, zimelala. Ikiwa nyekundu, zinaamka, na chuma cha gari kikipita juu yake kamera inapiga. Kisha inapiga tena muda mfupi baadaye. Picha ya kwanza inasema: taa ilikuwa nyekundu na gari lilikuwa linavuka. Ya pili inasema: halikusimama, liliendelea. Kwenye ukingo wa picha mna maandishi: tarehe, saa, na sekunde tangu taa iwe nyekundu.

Barua ilikuwa na namba ya kuingilia kwenye tovuti ya polisi kuziona picha. Familia haikuwa imezifungua. Walijua walichokifanya, wakaona haina haja.

Tulizifungua mezani kwao, kwenye kompyuta ya mtoto.

Picha ya kwanza: gari lao juu ya mstari, taa nyekundu wazi. Sekunde 14.2. Nilirudia kusoma. Anayewahi taa hunaswa sekunde moja, sekunde mbili. Njano ya Uingereza hudumu sekunde tatu, kila mtu anaizoea, na anayeibahatisha huikosa kwa kidogo. Hakuna anayebahatisha kwa sekunde 14. Aliyevuka sekunde ya 14 ama amelala ama alikuwa amesimama, kisha kitu kikamwondoa.

Picha ya pili: sekunde 15.3. Gari limesogea kiasi cha urefu wake mwenyewe, limeelekea kushoto, na taa za breki zinawaka. Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Mita nne kwa sekunde 1.1 ni kama kilomita 13 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia kuwahi daladala. Gari linalokwenda maili 30 kwa saa lingekuwa limesogea karibu mita 15, katikati ya makutano.

Na kwenye pembe ya chini ya picha hiyo hiyo, kumekatwa vibaya, kipande cha boneti ya njano na miraba miwili ya kijani, rangi za ambulensi za kule. Mume ndiye aliyekiona. Dada Z aliweka kidole kwenye skrini, hakusema kitu.

Nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza: gari lina kamera ya dashibodi? Lilikuwa nayo. Ina kadi ndogo, ikijaa inafuta ya zamani na kuandika mpya. Siku za tukio zilikuwa zimefutwa tangu wiki iliyopita, labda usiku ule ule waliokuwa wanamsikiliza Mjomba.

Barua ya kwanza, na kwa nini ilianguka

Dada Z aliandika barua ya kuomba asamehewe, mimi nikaisoma na kunyoosha lugha. Kurasa mbili. Ukurasa mzima ulikuwa juu ya watoto watatu, kodi ya nyumba, mama yake mgonjwa Tanga, wazee wanaomtegemea. Ambulensi ilikuwa na mistari minne. Sekunde 14.2 haikutajwa.

Niliiona barua nzuri. Sisi tumezoea kwamba ukienda kwa mwenye mamlaka unaanza kwa kueleza hali yako, na kuingia moja kwa moja kwenye madai ni ukosefu wa adabu. Jibu lilikuwa aya moja: faini pauni 100, pointi 3, ana siku 28 za kukubali, au aseme anataka mahakamani.

Hilo ni kosa langu la pili. La kwanza ni kamera ya dashibodi.

Uamuzi wa tatu: kukubali au kwenda mahakamani

Kukubali kulikuwa rahisi na kungefuta leseni. Kwenda mahakamani kukana kosa kulikuwa upuuzi, kwa sababu kosa lilikuwapo: gari lilivuka mstari taa ikiwa nyekundu, na kuipisha ambulensi si utetezi.

Mwanasheria wa kituo cha ushauri wa bure alituonyesha mlango wa tatu. Mtu anaweza kukiri kosa na bado akaiomba mahakama isiweke pointi, kwa kile wanachokiita sababu maalumu. Masharti yake ni makali. Sababu iwe inapunguza uzito wa kosa bila kuwa utetezi kamili. Na iihusu jinsi kosa lilivyotendeka, si maisha ya aliyelitenda. Watoto watatu si sababu maalumu. Kupoteza kazi si sababu maalumu. Gari la dharura lililokuziba nyuma linaweza kuwa. Ukurasa wetu wote wa kwanza, kwa lugha ya mahakama, ulikuwa hewa.

Alituonya pia kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa dereva, na kwamba hata mahakimu wakiikubali sababu, bado wana hiari ya kuweka pointi. Dada Z alilala nalo usiku mmoja, akaamua aende.

Notisi ya mashtaka ikaja kwa posta. Fomu yake inauliza kama unakiri, na kama unataka kufika mbele ya mahakama. Ukikiri bila kuomba kufika, hakimu mmoja anamaliza kesi kwa makaratasi na pointi zinaingia, hakuna aliyekusikia. Nilimwona akijaza. Alisoma kisanduku kile mara tatu kabla ya kuweka alama.

Mahakamani

Mahakimu watatu, chumba kidogo, dakika kama 25. Nilikaa nyuma.

Safari hii maelezo yalikuwa ukurasa mmoja: saa aliyosimama, kilichokuwa kulia, kilichokuwa nyuma, alivuka vipi, aliishia wapi. Chini yake picha mbili zimekuzwa, na mshale kwenye pembe yenye boneti ya njano. Hesabu ya mita nne iliandikwa kwa mkono pembeni.

Mwenyekiti aliuliza mambo matatu. Kwa nini hukungoja? Dada Z akajibu kwamba angengoja kama angejua anaruhusiwa kungoja. Uliangalia kama kuna mtu anavuka? Akasema ndiyo, mzee mmoja alikuwa ukingoni upande wa pili, alimwona kabla ya kuachia breki. Ukikutwa tena na hali hii utafanya nini? "Nitabaki kwenye mstari," akasema, "hata akinipigia honi."

Walitoka, wakarudi. Sababu maalumu wameikubali. Faini ndogo na gharama za mahakama, pointi hakuna. Jumla alilipa zaidi ya pauni 100 alizokuwa ametakiwa tangu mwanzo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni picha za upande wa mashtaka. Familia ilizichukulia kama silaha ya adui, kumbe ndizo shahidi wao pekee. Kamera haina huruma wala kinyongo. Iliandika sekunde 14.2 bila kujua inamsaidia nani. Leo barua yoyote ya taa nyekundu ikiniangukia mezani, sijibu neno kabla ya kuziona picha zote mbili, na natazama kwa mpangilio huu: sekunde za nyekundu, umbali kati ya picha ya kwanza na ya pili, taa za breki, kisha pembe. Mara nyingi picha zitakuumbua tu: sekunde 0.9, gari limefika katikati, breki hazijaguswa. Hapo nashauri mtu alipe, au achukue darasa la madereva kama polisi wamempa nafasi hiyo badala ya pointi.

Mashine yenyewe pia si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Chicago, mwaka 2014, mkaguzi mkuu wa jiji alibaini kwamba kampuni mpya ya kamera ilipochukua kazi, kipimo cha chini cha njano kilikuwa kimeshuka kutoka sekunde 3.0 hadi 2.9. Sehemu ya kumi ya sekunde. Ilizaa tiketi kama 77,000, zenye thamani ya dola milioni 7.7. Katika kisa chetu hilo halikuhusika, maana gari lilikuwa limesimama tangu kabla, lakini linaonyesha kwa nini zile namba ndogo za pembeni zinasomwa na si kurukwa.

Kukataa ushauri wa Mjomba kuliokoa zaidi ya leseni. Fikiria mume angejaza jina lake: asingeweza kueleza ambulensi ambayo hakuiona, na utetezi wote uliokuja kufaulu ungekufa siku ile. Uongo ule ungezika ukweli uliokuwa na faida kwao.

Kilichofeli kilifeli mapema. Siku tisa za ukimya zilikula video. Mwanga ukikupiga barabarani, kadi ya kamera ya dashibodi itolewe usiku huo huo, hata kama unaamini ulikuwa na haki, na hasa kama unaamini ulikuwa na haki. Dada Z hakuitoa kwa sababu dhamiri yake ilikuwa safi.

Barua ya kwanza ilifeli kwa adabu zetu wenyewe. Sitaki kusema adabu hiyo ni mbaya. Ofisini Tanga ingefungua mlango. Ila msomaji wa barua ile alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, na sisi tulikificha chini ya huzuni. Sina hakika kwamba barua ya pili, yenye picha na hesabu, ingemaliza kesi pale pale bila mahakama. Naamini ilikuwa na nafasi. Hatukuijaribu kwa sababu nafasi hiyo tulikwisha kuitumia kwa kulialia.

Kuhusu kuvuka kwenyewe, tumebishana sana. Mume anasema hata leo yeye angevuka. Mimi nasema hapana: ambulensi ina ruhusa na mafunzo ya kupita nyekundu, gari dogo mbele yake halina vyote viwili, na anayekuja kwa kijani kutoka upande mwingine hajui habari zenu. Dada Z hushika upande wangu mezani, lakini nimewahi kumsikia akimwambia dada mwenzake kwamba kama yule ndani ya ambulensi angekuwa mama yake, asingeuliza kamera.

Pointi zake 3 za mwanzo bado zipo kwenye leseni na zitakaa miaka minne tangu siku ya kosa lile. Miaka miwili ya dereva mpya imekwisha. Mume amenunua kadi kubwa ya kamera ya dashibodi. Mjomba anasema tulihangaika bure, ingelipwa pauni 100 ikaisha.